Namna ya kukimbia marathoni ya milimani katika Nyanda za Juu Kusini

Anayetaka kukimbia marathoni ya milimani huku kwetu, iwe ni Uporoto, Rungwe, Makete au Mufindi, aanze kwa kuuliza swali ambalo wakimbiaji wa barabara za lami hawana mazoea ya kuliuliza: jumla ya mita za kupanda ni ngapi? Urefu wa njia ni kilomita 42 na mita 195, na hauna mjadala. Kinachoamua utafika saa ngapi na utajutia wapi ni mita za kupanda na, kuliko hizo, mita za kushuka. Nasisitiza kushuka kwa sababu ndiko wengi wanakoharibikiwa. Kupanda kukikuchosha unaweza kutembea ukapata nafuu, lakini kushuka hovyo huchakaza mapaja, na paja lililochakaa kwenye kilomita ya 25 halirudi siku hiyo hata ukilibembeleza kwa maji, kwa glukosi na kwa dua.

Kwa hesabu za mwanzo, ipo kanuni ya zamani ya wapanda milima iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa maneno mengine, mita 600 za kupanda hula muda sawa na kilomita 5 za tambarare. Chukua njia yenye jumla ya mita 1,800 za kupanda. Hizo ni sawa na kilomita 15 za ziada, kwa hiyo utakuwa umefanya kazi ya kilomita 57. Kama mwendo wako wa kawaida kwenye tambarare ni dakika 7 kwa kilomita, utatumia takribani saa sita na dakika 40, wala si zile saa tano kasoro ulizozizoea. Kanuni hiyo haihesabu matope, ukungu, wala mteremko mkali unaokulazimisha kwenda polepole kuliko ulivyopanda, basi ongeza nusu saa, kisha linganisha na muda wa mwisho uliowekwa na waandaaji. Muda huo usipotosha, ni heri kuomba namba ya nusu marathoni mapema kuliko kuondolewa njiani. (Mtu wa Mbeya atatabasamu kuiona namba 57 hapo juu, kwa kuwa ndiyo idadi ya kona za barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile tunayoiita Hamsini na Saba. Nitairudia.)

Msimu na mwinuko

Mvua za kwetu huanza kwa kawaida Novemba na kuisha Mei, na kiangazi hukamata Juni hadi Oktoba. Tatizo ni kwamba mandhari nzuri kuliko zote huja wakati mbaya kuliko wote. Kitulo, tambarare ya juu yenye kimo cha takribani mita 2,600, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya matope na radi za alasiri. Juni na Julai anga ni safi, lakini alfajiri umande huganda juu ya majani na vidole havifungi kamba za viatu. Anayekimbia kwa mara ya kwanza ningemshauri Agosti au Septemba, njia zikiwa zimekauka na baridi ikiwa imeanza kulegea. Tukuyu na vijiji vya Rungwe havifuati sana kalenda hii; huko mvua inaweza kushuka mwezi wowote, na koti la mvua halibaki nyumbani.

Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na katika kimo cha Kitulo kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani. Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mtu anayetoka Dar es Salaam au Tanga atafaidika sana akiweza kufika wiki mbili kabla. Asipoweza, afike angalau siku tatu kabla, walau miguu iliyovimba kwa safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800 ipate kurudi katika hali yake, na siku ya mbio akubali kwenda polepole kuliko anavyojijua. Saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo zinasaidia, lakini mimi natumia kipimo kingine ambacho hakihitaji chaji. Kila mzee ninayekutana naye njiani namwamkia kwa ukamilifu, “Shikamoo mzee, habari za hapa?”, kwa pumzi moja, nikiwa Makete au Njombe naongeza “kamwene”. Salamu ikikatika katikati, nimezidisha mwendo, na ninapunguza hadi niweze kuimaliza ya mzee anayefuata. Ni adabu na ni kipimo kwa wakati mmoja.

Mazoezi

Jipe wiki 16, na usianze kuzihesabu kabla hujaweza kukimbia kilomita 15 bila maumivu. Siku nne za mbio kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia: mbili nyepesi, moja ya kilima, moja ndefu. Siku ndefu ipimwe kwa saa badala ya kilomita, ikianzia saa moja na nusu na kuongezeka taratibu hadi saa nne na nusu hivi, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili upumue. Hapo hakuna siri, wala sitapoteza muda wa msomaji.

Penye kazi ni kwenye kilima. Kwa mkazi wa Iringa, barabara inayopanda kutoka Ipogolo hadi mjini inatosha kabisa kwa mizunguko ya kupanda kwa dakika tatu au nne na kurudi chini kwa kutembea, ilimradi uende alfajiri kabla malori na bodaboda hazijajaa. Mkazi wa Mbeya ana Loleza nyuma ya mji, kilele cha mita 2,656, chenye takribani mita 950 za kupanda kutoka mjini. Ukitumia kanuni ya Naismith, kupanda peke yake kunaongeza saa moja na dakika 35. Usipande Loleza peke yako, na usipande kwa kukimbia mfululizo. Panda kwa kutembea kwa nguvu, kwa sababu ndivyo utakavyopanda siku ya mbio.

Kuhusu kutembea huko, mwalimu wangu alikuwa mama mmoja niliyemfuata asubuhi moja katika kijia cha Uporoto, yeye akiwa na mzigo wa kuni kichwani na mimi nikiwa na chupa ya maji tu. Nilimpita mara mbili kwa kukimbia, na mara mbili alinikuta nimesimama nikihema. Nilipoona aibu ya kutosha nikakaa nyuma yake nimtazame. Hatua yake ilikuwa fupi, pungufu ya urefu wa nyayo mbili. Unyayo wote uligusa ardhi, kisigino kikiwamo. Na mdundo wake haukubadilika pale njia ilipokaza, ila hatua ndiyo iliyozidi kufupika. Hakuitazama njia ya mbali, na kichwa hakikutikisika. Tangu siku hiyo nimeacha kukimbilia kilima chochote ambacho kisigino changu hakifiki chini. Kisigino kikianza kuelea, misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayobeba mwili wote, na muda si mrefu itakaza. Ukiwa huna kuni kichwani, unaweza kuinama kidogo kutoka kiunoni na kusukuma mapaja kwa viganja vya mikono, mkono mmoja kwa kila hatua, jambo linalosaidia sana kwenye mwinuko mkali.

Sasa kushuka. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi huku ukijifupisha. Unaposhuka, hufanya kazi huku ukivutwa na kurefushwa, mfano wa kamba ya mtu anayezuia mkokoteni wa viazi usiporomoke. Nyuzi zake ndogo huchanika, na maumivu hufika kilele siku moja hadi mbili baadaye. Mbio zangu za kwanza za milimani nilipanda vizuri, nikapita watu, kisha nikajiachia kwenye mteremko wa kwanza mrefu kwa furaha ya mtoto. Kwenye kilomita ya 28 miguu ilikataa. Nilimaliza nikishuka ubavuubavu kama kaa, na kwa siku tatu nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume huku watoto wakinihesabia.

Msuli, hata hivyo, una sifa moja njema: hujifunza upesi. Zoezi moja la mteremko mrefu huukinga kwa wiki kadhaa dhidi ya madhara yaleyale. Kwa hiyo, kuanzia wiki ya sita, kila baada ya wiki mbili tafuta mteremko wa kweli. Hapa ndipo Hamsini na Saba inapofaa kuliko mahali pengine pote ninapopajua. Panda kwa gari au bodaboda kutoka Chimala hadi Matamba, kisha shuka kwa miguu, bonde la Usangu likiwa limetandazwa chini yako. Mara ya kwanza shuka kona ishirini za mwisho tu, mara ya pili thelathini, na uzimalize zote mara moja au mbili kabla ya mbio. Kaa upande wa nje wa kona ambako dereva anayepanda atakuona mapema, na usivae vya kuzibia masikio, kwa kuwa utamsikia lori kabla hujamwona. Zoezi la mwisho la aina hii lifanyike siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, si karibu zaidi ya hapo.

Namna yenyewe ya kushuka inapingana na silika. Mtu akiogopa huegemea nyuma, hunyoosha goti na kutua kwa kisigino mbele ya mwili wake. Huko ndiko kuteleza na kuketi kwenye tope, na kila hatua ni nyundo kwenye goti. Mwili uelekee mbele kidogo pamoja na mteremko, goti likunjwe, unyayo utue chini ya nyonga, na hatua ziwe fupi na za haraka kiasi kwamba hakuna moja inayobeba uzito kwa muda mrefu. Mikono ipanuliwe kama mbawa za kuku anayekimbizwa. Haipendezi, lakini inaleta mizani. Macho yaangalie mita tatu au nne mbele, kwa maana mguu tayari umeshaamua utakapokanyaga sasa. Kwenye tope, tafuta ukingo wenye nyasi. Kwenye misitu yenye mizizi, kama njia za milima ya Ngozi na Rungwe, ruka mzizi uliolowa, usiukanyage kamwe, kwa sababu unateleza kuliko sabuni.

Viatu, mavazi na chakula

Raba za njia za milimani ziwe na soli yenye meno na ziwe kubwa kidogo kuliko viatu vyako vya kawaida, ili vidole visigonge mbele unaposhuka. Si lazima ununue dukani. Kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, nimepata jozi nzuri kwa kuvumilia kuchambua. Kunja soli uone kama gundi imeachia, bonyeza ndani ya kisigino uone kama sponji limekufa, na tazama kama meno yamelika upande mmoja. Kata kucha siku tatu kabla. Kufunga kamba nako kuna namna yake. Kwenye tundu la mwisho la juu, kamba isivuke, bali irudi ndani upande uleule ili ibaki na kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha ncha ya kulia ipite ndani ya kitanzi cha kushoto na ya kushoto ndani ya cha kulia, vuta kuelekea chini, halafu funga. Kisigino kitashikwa na mguu hautateleza mbele, na kucha zako hazitakuwa nyeusi.

Joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi kidogo kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mtu aliyelowa akipigwa na upepo wa Kitulo anaweza kuanza kutetemeka hata mchana. Beba koti jepesi la mvua, kofia ya sufu, filimbi, simu yenye chaji na fedha kidogo za bodaboda. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na katikati ya vidole.

Kuhusu chakula, sioni sababu ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini kutafuta vipakiti vya plastiki vya jeli ya wanga vya nchi za nje ilhali anaishi penye viazi. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa katika mbio ndefu, na kiazi kimoja cha ukubwa wa kati kina takribani 30. Ndizi mbivu moja inakaribia hapo. Chemsha viazi vidogo usiku wa kuamkia mbio, vimenye vikipoa, vitie chumvi na uvifunge kwenye mfuko safi. Kula kipande kila baada ya nusu saa kuanzia saa ya kwanza, ukiwa unatembea kwenye kilima na kabla njaa haijaja, kwa sababu ikishakuja tumbo nalo huwa limeshanuna. Kinywaji cha akiba unaweza kukitengeneza kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kwa kiu. Anayejaza maji matupu tumboni kila kituo huishia kuzimua chumvi ya damu, na hilo ni hatari kuliko kiu yenyewe. Vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni visimezwe kabla wala wakati wa mbio, kwa maana vinaweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Maharage, maziwa mgando na, kwa mgeni wa Iringa, ulanzi (pombe ya mianzi), vingoje hadi umalize.

Siku yenyewe

Mazoezi yako yote uwe umeyafanyia kwenye njia zilizo wazi kwa watu, ukiwa umetoa taarifa ofisi ya kijiji unakopita mara kwa mara na ukiwa umeomba ruhusa kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe. Hifadhini, vibali na viingilio vinahusika, nayo maua hayakanyagwi: baadhi ya yale ya Kitulo ni okidi, zile ambazo viazi vyake huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, hadi zikaadimika.

Igawe njia kwa vilima vyake na usiigawe kwa kilomita. Jifunze majina ya vilima na utaratibu wake, uandike kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa gundi ya plastiki: kinaanza kilomita ya ngapi, kina mita ngapi, chini yake kuna kituo cha maji au hakuna. Theluthi ya kwanza uione kuwa ya kupoteza muda kwa makusudi. Watakupita wengi kwenye mteremko wa kwanza, nao wana haki ya kufanya hivyo. Juma Ikangaa, Mtanzania aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo kuanzia 1988 hadi 1990. Njia ya Boston huanza kwa kuteremka kutoka Hopkinton, na vilima vya Newton huja baada ya kilomita ya 25. Mwaka 1990 Ikangaa aliutumia mteremko wa mwanzo kwa kasi kubwa mno, na Mwitalia Gelindo Bordin akampita kwenye vilima hivyo. Ikiwa mapaja ya Ikangaa yalidaiwa, yangu na yako yatadaiwa pia.

Theluthi ya pili kula, tembea kila panapopanda, na shuka kwa hatua fupi hata kama njia inakuita. Kama kwenye kilomita ya 30 bado unaweza kushuka bila kushika goti, basi sasa shindana. Radi ikianza kunguruma ukiwa kwenye uwanda wa wazi, teremka kutoka mgongoni mwa kilima mara moja, na usijifiche chini ya mti ulio peke yake. Ukungu ukifunga, tembea kutoka alama hadi alama. Usipoiona inayofuata, rudi kwenye ile uliyoiona mwisho usimame upige filimbi.

Ukivuka mstari wa mwisho, jambo la kwanza ni sweta kavu, kabla ya picha na kabla ya kuketi, kwa kuwa jasho hupoa haraka sana huku juu. Kunywa kitu cha moto chenye sukari, kula ndani ya saa moja, kisha tembeatembea. Wiki ya kwanza usikimbie kabisa. Ya pili kimbia tambarare tu. Raba zikiwa zimejaa tope jeusi la Rungwe, zioshe jioni ileile kwa maji baridi, toa soli ya ndani, zijaze magazeti makavu na uziweke kivulini penye upepo. Usizianike karibu na jiko la mkaa, hata kama baridi ya Makete inakushawishi, maana gundi ya soli huyeyuka.